Picha Iliyoziba Mwanya wa Mama

Nieleweke mapema: sina ugomvi na watu wanaojiremba. Anayetaka kupaka poda apake, anayetaka wigi avae, kichwa ni chake na kioo ni chake. Kinachonipandisha hasira ni mtu kuuchukua uso wa mwenzake, tena uso wa mama aliyemzaa, akaupeleka kwa kijana wa kompyuta ukasuguliwe kama sufuria iliyoungua, halafu akautundika sebuleni na kutuita tukashangilie. Mtu huyo ni kaka yangu wa tumbo moja. Na haya nayasema nikiwa nimeshakunywa maji nikatulia.

Mimi na mama tunashona mapazia. Chumba chetu cha kazi kina dirisha pana upande mmoja, meza ndefu ya kukatia katikati, na cherehani mbili zinazotazamana, yangu ya umeme na ya mama ya kukanyaga, ambayo amekataa katakata kuibadilisha. Majora ya vitambaa yamesimama kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Mchana kutwa kazi yangu ni kuwasaidia watu waufungie mwanga nje ya nyumba zao. Kazi ikiisha, starehe yangu ni kuutafuta, kwa sababu nina kamera.

Ukiiona kamera hiyo utadhani nimeirithi kwa babu. Mbele ina ngozi nyeusi ya vipelepele, juu ina vifundo vya chuma vya kuzungusha, na wateja wakiiona mezani huniuliza filamu nanunua wapi siku hizi. Filamu haina. Ndani ni ya kisasa kabisa, ina kadi kama ya simu, na hata kutuma picha kwenye simu ya mtu inajua; uzee ni wa sura tu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye hushinda nasi chumbani humo kwa madai kwamba kwake kumepooza, husema yeye na kamera hiyo wamepishana. Yeye sura ni ya kisichana, ndani ndiko kulikochakaa.

Lenzi ndizo za kizee kweli. Nilizikuta kwa muuza vitu vya mitumba, zimelala kati ya pasi za mkaa na redio zisizosema tena. Ni chuma na kioo tupu, hazina waya wala umeme, na ni nzito mkononi kuliko macho yanavyotarajia. Ukizifunga kwenye kamera, kamera inazikana. Inaandika kwenye kioo chake cha nyuma kwamba hakuna lenzi, na lenzi hiyo hapo imetoa jicho, mpaka uingie kwenye mipangilio uiambie ipige tu hivyo hivyo. Baada ya hapo kila kitu ni mkono wako. Pete moja inafungua na kubana tundu la mwanga, nayo hulia tik, tik, tik. Pete ya pili inasogeza fokasi, laini kama imepakwa siagi. Unazungusha taratibu, na kwenye kioo vinaanza kumeremeta vistari vyekundu pale ambapo picha imekuwa kali: kwanza ncha ya pua, kisha kope, kisha nywele za mbele. Ukipitiliza kidogo tu, imekula kwako.

Watu huniuliza raha iko wapi katika kujitesa. Raha ni kwamba inabidi umtazame mtu. Kwa simu unaweza kupiga picha za harusi nzima huku unaongea na jirani yako. Kwa lenzi hizi, wakati unautafuta ukali wa picha umeshaliona kovu la kwenye nyusi, umeuona uzi ulionasa begani, umegundua kwamba mtu huyu akitaka kucheka huanza na jicho la kushoto. Nimeishi na mama miaka yangu yote, lakini jicho lile la kushoto nililifahamu kwa pete ya lenzi.

Sasa tuje kwenye mwanya. Mama alijaliwa mwanya, pale juu katikati ya meno mawili ya mbele, na sidhani kama kuna haja ya kumweleza mtu mwanya unamfanyia nini mwanamke akitabasamu. Marehemu baba alikuwa akisema aliuona mwanya kwanza, mwenyewe akamwona baadaye. Ila kwa mama mwanya ulikuwa pia kifaa cha kazi. Akipinda pazia, mikono yote miwili inakuwa imeshika kitambaa, basi pini inayofuata huipachika kwenye mwanya, kishanga cha kichwani kikiwa nje, na zamu yake ikifika huichomoa kwa vidole viwili bila kutazama. Aliuita mkono wake wa tatu. Wapo mafundi wanaoshika pini kwa midomo, naye huwasikitikia.

Kati yetu watoto, mwanya ule aliurithi kaka peke yake. Mimi nilipata meno ya baba, yamebanana kama punje za mahindi. Na kaka, alipopandishwa cheo akapewa ofisi yenye mlango wa kioo, alikwenda kwa daktari akauziba. Siku aliyokuja kutuonyesha, mama alimtazama kidogo, akamwambia, "Umependeza, baba," akarudi kukanyaga cherehani yake. Hakusema kingine. Mimi nilisema, lakini mimi hunyamaza lini?

Mwaka huu fizi za mama zikaanza kuachia. Daktari akasema meno ya mbele ya juu hayaokoleki, yatolewe, fizi zipone, kisha atengenezewe ya bandia. Mama aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Mimi ndiye niliyeumia. Nikaapa kwamba kabla jino halijang'oka nitampiga picha moja, anacheka, na mwanya wake wote.

Siku ile alikuwa anapinda kingo za mapazia ya kaka. Kaka alikuwa amejenga nyumba yenye madirisha marefu kama milango, na mama hakutaka fundi mwingine ayaguse mapazia ya mwanawe. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya jora, anasimulia kesi ya jirani yake na kuku. Nikafunga lenzi niipendayo kuliko zote, nikafungua tundu la mwanga mpaka mwisho. Uzuri wa kufungua hivyo ni kwamba vitu vyote vya nyuma vinayeyuka. Ubaya wake ni kwamba ukali wa picha unabaki mwembamba sana, mtu akisogea kidogo tu umemkosa. Nikalenga macho. Nilipofyatua ndipo mama mdogo alipofika pale kuku alipopanda kitandani, mama akarudisha kichwa nyuma kwa kicheko, pini ikiwa bado mwanyani.

Picha ikatoka macho ni ukungu, masikio hayapo, pua haijulikani inaishia wapi. Kilichokuwa kikali ni meno tu, na pini katikati yake, kali kiasi kwamba uliweza kuuona mkwaruzo kwenye kishanga chake chekundu. Nikasonya. Mama mdogo alipoiona alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye jora. Akasema hilo ni tangazo la dawa ya meno, na nisithubutu kulifuta kabla sijamtumia kwenye simu yake. Nikamtumia ili anipe nafasi, nikaifuta, nikaanza upya.

Ya pili niliingojea. Mama alishasahau kwamba nipo. Jicho la kushoto likaanza, nikajua kicheko kinakuja, nikasogeza pete kidogo tu na kuzuia pumzi. Vyote vilikuwamo: macho, mikunjo, uzi mweupe begani, na mwanya ulio wazi. Niliitazama picha ile mpaka mama akaniuliza kama leo sishoni. Sijawahi kuipenda kazi ya mikono yangu kama siku ile, na sioni aibu kusema.

Hazikupita siku nyingi kaka akatupitia. Aliiona picha kwenye kioo cha kamera, akasema ataichapisha kubwa aiweke kwenye sebule yake mpya, mama apate heshima yake. Akaomba kadi. Nikampa. Kwa nini nisimpe? Ni kaka yangu, na ni mama yake.

Meno yakatolewa. Tangu hapo mama akaanza kufunika mdomo kwa upindo wa mtandio, hata akiongea na sisi wa nyumbani. Hakucheka tena, kuku apande kitandani au asipande. Pini alizihamishia kwenye kola ya gauni, na kazi yake ikawa ya kusitasita, kila mara anaachia kitambaa ili apapase kolani. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku kaka alipotuita kwake na kuvuta shuka lililofunika ukuta.

Picha ilikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati. Ngozi ilikuwa imelainishwa ikawa kama bakuli la plastiki. Mikunjo hakuna. Macho yamekuzwa. Uzi wa begani umefutwa. Na mwanya ulikuwa umezibwa. Meno yamepangwa sawasawa, meupe, hayana pa kupitisha hata huo uzi. Ndugu na jamaa wakapiga makofi. Uzuri wa mkakasi, nikasema moyoni, ndani kipande cha mti.

Sikusema moyoni tu. Nilimuuliza kaka mbele ya watu wote mwanya wa mama uko wapi. Akanijibu kwa ule upole wa mkubwa anayemvumilia mdogo, kwamba kijana wa studio ni hodari sana, amerekebisha kasoro ndogondogo. Kasoro. Nikamwambia anipe kadi yangu nikamchapishe mama yangu kama alivyozaliwa. Akasema kadi alishaifuta, akaiweka kwenye ile kamera ndogo ya kioo cha gari lake, maana ya mwanzo iliharibika. Kwa hiyo pale ulipokuwa uso wa mama, sasa palikuwa na foleni na migongo ya malori, kila siku asubuhi na jioni, juu yake, juu yake. Nakala sikuwa nayo. Nilikuwa naingoja kadi yangu irudi.

Mama alishusha mtandio kidogo. "Imependeza, baba," akasema. "Asante."

Maneno yale yale. Nilitamani kulia kwa hasira. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi. Akanijibu kwamba mtoto akikununulia nguo, hata ikikubana, unaivaa siku moja mbele yake. Nikamwambia huu ni uso, si nguo. Akatazama dirishani.

Kama ingeishia hapo, labda ningepoa. Lakini kaka ndiye aliyejitolea kushughulikia meno ya bandia, na kaka akishughulikia jambo hulishughulikia mpaka mwisho. Alikwenda kwa fundi wa meno kabla yetu, akampelekea kielelezo cha tabasamu la mama. Kielelezo gani? Picha ile ile ya ukutani.

Mimi nilikuja kulijua hilo siku ya kujaribisha. Chumba cha fundi kilikuwa kidogo na safi, rafu zimejaa taya za plasta zinazowatabasamia wageni, na kwenye meza kulikuwa na moto mdogo wa buluu na harufu ya nta. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mpole, asiye na maneno mengi. Alitueleza kwamba kwa sasa meno yamekaa kwenye nta, kwa hiyo bado yanaweza kusogezwa kwa kisu cha moto. Akishayaweka kwenye plastiki na kuyapika, basi tena. Alikusudia kuyapika keshokutwa.

Mama akayavaa. Akajitazama kwenye kioo cha mkono, muda mrefu. Kisha mkono wake ukafanya kitu ambacho sidhani kama aliuamuru. Ulikwenda kolani, ukachomoa pini, ukaipeleka kinywani. Pini ikagusa meno, ikateleza, ikatafuta huku, ikatafuta kule. Haikupata pa kuingia. Ikaanguka sakafuni, na kwa jinsi chumba kilivyokuwa kimya sote tukaisikia.

Mama akainama, akaiokota, akairudisha kolani. "Yamependeza," akasema.

Nikamwambia fundi kwamba mama yangu ana mwanya, ameishi nao maisha yake yote, na meno haya ni ya mtu mwingine. Kaka akatoa simu yake, akaifungua ile picha, akaiweka mbele ya fundi.

"Picha si uliipiga wewe mwenyewe?" akaniuliza. "Kwa kamera yako hiyo hiyo unayoisifia? Uko wapi huo mwanya?"

Naomba mwenye kujua tusi la kujibu hapo anifundishe. Picha yangu ilikuwa imesimama upande wa pili, inanishuhudia uongo. Nikaanza kueleza habari za kijana wa kompyuta, sauti ikapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyozidi kuonekana mdogo mtu mwenye wivu. Fundi alitusikiliza sote. Akasema yeye ametengeneza alichoonyeshwa, na hawezi kufungua mwanya kwa ugomvi wa ndugu wawili. Mwanya una upana wake, una mwinamo wake. Akikisia atampa mama mwanya wa jirani. Nilete picha inayoonyesha, naye ataifuata. Hakuna alichokosea, na hilo nalo likanikera, kwa sababu nilitaka wa kugombana naye. Kaka akamwambia aendelee na kazi.

Nikamgeukia mama. Nilitaka aseme neno moja tu. Akakunja mtandio mapajani. "Wote wawili ni wanangu," akasema.

Jioni ile nilikwenda kwa mama mdogo kutema nyongo, maana ningekaa na mama ningemwaga maneno ambayo hayazoleki. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilizunguka jikoni mwake nikisema kaka hivi, kaka vile, kadi, malori, kasoro, naye akimenya tu na kusema "mh" panapostahili. Simu yake ilikuwa mezani, kati ya maganda. Ikaanza kuita.

Nikatazama kioo cha simu. Kioo kizima kilikuwa kimejaa meno. Meno mawili ya juu, makali, na kati yake pini yenye kishanga chekundu, na kwenye kishanga mkwaruzo. Ile picha niliyoisonya. Mama mdogo alikuwa ameiweka iwe inatokea kila dada yake akipiga simu, ili acheke kabla ya kupokea.

Mama mdogo ana sikio moja zito, kwa hiyo simu zake zote huzipokea kwa spika. Akabonyeza, sauti ya mama ikajaa jikoni. Hakujua kwamba nipo.

"Kwanza aliuziba wake, nikanyamaza," mama alikuwa anasema. "Nikasema ni mdomo wake. Sasa ameufikia wangu. Mdogo wangu, nikicheka kwa meno yale, atakuwa anacheka nani? Na kazi nitaifanyaje, pini haina pa kukaa?"

Mama mdogo alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. Akamwambia mama avae mtandio wake, tunakuja.

Tulimwonyesha mama picha ile chini ya taa ya chumba cha kazi. Aliishika simu karibu na uso, akatazama, akapeleka kidole kwenye ufizi uliokuwa wazi, juu kidogo, pale pale. Macho yake kwenye picha hayaonekani, pua haionekani, na bado alisema, "Ndiye mimi huyu." Kisha akaniuliza kwa nini picha nzuri namna hii niliifuta. Nikamwambia nilikuwa natafuta macho.

Asubuhi tulikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua, wanawake watatu na simu moja. Fundi akaikuza picha kwa vidole viwili, akasogeza miwani. Halafu akaomba pini. Mama akamchomolea moja kolani, ya aina ile ile. Fundi akaipima unene kwa kibanio chake cha kupimia, akaipima ile ya kwenye picha dhidi ya jino, akasema sasa anaelewa. Na kwamba jino la kushoto limeinama kidogo kwa ndani, jambo ambalo hata sisi tuliomzunguka mama maisha yote hatukuwahi kulisema kwa mdomo. Kabla hajashika kisu aliuliza kwa heshima kama kaka anafahamu, maana oda ni ya kaka.

Mama akashusha mtandio kabisa. "Mdomo ni wa nani?" akamuuliza.

Fundi akapasha kisu moto. Nta ikalegea, jino likasogea, likainama. Mama akavaa. Mkono ukaenda kolani, pini ikaenda kinywani, na ikaingia ikakaa, kishanga nje. Fundi akamwambia asiing'ate, bado ni nta. Mama hakung'ata. Alikaa tu hivyo, mikono yake miwili mitupu mapajani, na jicho la kushoto likaanza.

Sasa nisikilizwe, maana hapo ndipo watu hudhani hasira yangu iliisha. Haikuisha. Ile picha ilikuwa bado ukutani kwa kaka, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa huyu ndiye mama.

Meno yalipokuwa tayari tulikwenda kwa kaka kumalizia mapazia. Kwa madirisha marefu namna ile, pindo la chini halimaliziwi chumbani. Pazia hutundikwa kwanza, likaning'inia siku kadhaa likanyooka, ndipo linapindwa pale pale kwa pini, fundi amepiga magoti. Tulikuwa tumeshayatundika mapema wiki ile. Sasa yalikuwa yanaburura sakafuni, yanamsubiri mama. Kaka alitupokea kwa furaha. Mama akampa mkono, akatabasamu, na nikaona furaha ya kaka inakwama njiani. Aliutazama mdomo wa mama, akanitazama mimi, akarudi kwa mama.

Mama hakupiga magoti. Alikwenda mpaka katikati ya sebule, akasimama mbele ya picha, mikono nyuma.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Kaka akacheka kidogo. Akasema, "Ni wewe, mama."

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

Mama akachomoa pini kolani, akaipachika kwenye mwanya, akageuka amtazame mwanawe na kishanga kile chekundu kikiwa katikati ya maneno yake. "Basi mwambie ashuke akupindie mapazia," akasema. "Mimi simfahamu."

Akakaa kwenye kiti, akakunja mikono. Mama mdogo akakaa pembeni yake, naye akakunja ya kwake, ingawa yeye hajui hata kuvisha uzi kwenye sindano. Kaka alingoja mtu acheke. Hakucheka mtu. Alitazama madirisha yake, vitambaa vile vya thamani vimelala sakafuni vinakusanya vumbi, akatazama picha. Alitaka kusema kitu kuhusu fremu, kuhusu wageni, akaona hakiendi. Mwisho akavuta kiti, akapanda, akaitoa ukutani. Alishuka ameikumbatia, haoni pa kuiweka.

Ndipo mama akainuka, akaenda dirishani, akapiga magoti. Akashika pindo kwa mikono miwili, akalikunja, akachomoa pini mwanyani bila kutazama, akachoma. Akapachika nyingine. Kazi ilikwenda kama zamani. Nilitoa kamera, nikafungua tundu la mwanga mpaka mwisho. Vistari vyekundu vikapita kwenye macho yake, nikaviacha vipite, mpaka vikatua kwenye meno. Nikafyatua. Kaka akaniomba nimtumie. Nikamwambia ataletewa iliyochapishwa, kadi hii mpya haitoki kwangu.

Mama alikuwa amefika kwenye dirisha la pili. Akaichomoa pini, akaishika, akazungumza bila kugeuka.

"Na wako, baba," akasema, "uliupeleka wapi?"

Kaka alikuwa amesimama na ile picha kifuani, na mkono wake mmoja ulikuwa umepanda ukafunika mdomo, kama mama alivyokuwa akifanya na mtandio. Mama hakumngoja. Aliendelea kupinda.